Lenzi pana yataka hesabu Maguu

Soko la picha za harusi Maguu, wilayani Mbinga, hufuata kahawa: wakulima wakilipwa, sherehe nazo huja. Lenzi pana ya kuvuta, ya milimita 16 hadi 35 na f/2.8, huingiza mwanga mara mbili ya ile ya f/4. Ndani ya kanisa lenye giza, hiyo ni faida halisi. Lakini ikifungwa kwenye kamera yenye kihisi kidogo badala ya kile cha milimita 36 kwa 24, 16 huona kama 24, na mtaji umelala. Nyuso za pembeni nazo huvutika. Bibi harusi asiwekwe ukingoni! Mashamba ya ngolo mlimani, mchana, f/4 ya bei nafuu yayatosha. Asiye na oda mkononi akodi kwanza, hadi kahawa ilipwe.