Akaunti ya 'bure' ya wingu inavyozaa deni

Na Mwandishi Wetu, Musoma

WATUMIAJI wa intaneti mkoani Mara wamezoea jambo moja: ulicholipia kikiisha, huduma hukatika. Uniti za LUKU zikimalizika taa huzima, na bando la simu likikata ukurasa haufunguki. Mazoea hayo ndiyo yanayoweza kumtia hasarani kijana wa Musoma, Bunda au Butiama anayefungua akaunti ya bure ya kompyuta za wingu. Baadhi ya akaunti hizo zinafanana zaidi na mita ya maji: unatumia kwanza, mita husomwa mwishoni mwa mwezi, na bomba lililosahauliwa wazi usiku kucha nalo huhesabiwa.

Kompyuta za wingu ni seva zilizomo katika vituo vya kampuni kama Amazon, Microsoft na Google, ambazo mteja huzikodi kwa saa kupitia intaneti. Wakati wa kujisajili kwa kawaida hutakiwa kadi ya benki, hata kama kinachotolewa ni bure. Hapo ndipo deni hupata mlango.

Amazon ilipoanzisha utaratibu wa bure mwaka 2010, iliwapa wateja wapya saa 750 za seva ndogo kila mwezi kwa miezi 12. Mwezi wa siku 31 una saa 744, hivyo seva moja haina shida. Lakini saa hizo ni za akaunti nzima. Mwanafunzi wa Butiama akiwasha seva mbili, moja ya kujifunzia na nyingine ya tovuti ya duka la ndugu yake aliyeko Bunda, saa zake huisha siku ya 16.

Wengi pia huchanganya kuzima na kufuta. Seva iliyozimwa haitozwi saa, ila diski yake ingali imehifadhi data, na ikivuka kiwango cha bure hulipiwa. Tangu Februari 1, 2024, Amazon hutoza pia dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya IP ya hadharani iliyozidi kiwango hicho. Kinachouma zaidi ni lango la NAT, linaloziwezesha seva za ndani kufika kwenye intaneti. Ni rahisi kuliunda kwa kubofya mara chache tu, nalo halimo katika huduma za bure. Katika kituo cha Virginia, Marekani, bei yake ni dola 0.045 kwa saa, yaani takriban dola 33 kwa mwezi hata kama hakuna data iliyopita. Dola ikiwa shilingi 2,500, hizo ni zaidi ya shilingi 80,000 kwa kitu ambacho mwenyewe hajui kuwa anacho.

Na huenda asikione. Ukurasa wa seva huonyesha eneo moja kwa wakati; aliyefungua seva Ireland kisha akatazama Virginia atakuta patupu. Ukurasa wa bili ndio wa kusoma.

Tahadhari ya bajeti inafaa kuwekwa siku ya kwanza, lakini isichukuliwe kuwa ni LUKU. Kwa kawaida hutuma barua pepe tu, tena hesabu zake huchelewa kwa saa kadhaa.

Tangu Julai 15, 2025, Amazon imebadili utaratibu: mteja mpya hupata salio la hadi dola 200, na akichagua mpango wa bure wa miezi sita hatozwi mpaka ahamie wa kulipia. Waliojisajili kabla ya hapo hawaguswi na nafuu hiyo.

Aliyekwisha kupata bili asikimbilie kufunga kadi, kwa sababu deni hubaki na matumizi huendelea kuhesabiwa. Afute kwanza kila kitu katika maeneo yote, kisha aiandikie huduma kwa wateja akieleza kosa lake. Kampuni hizi hazilazimiki kusamehe, ingawa kwa kosa la kwanza mara kwa mara hufanya hivyo.

Kwa wanafunzi wa vyuo, Microsoft inao mpango wa salio la dola 100 kwa miezi 12 usiohitaji kadi. Kinachotakiwa ni uthibitisho wa uanafunzi, kama barua pepe ya chuo.