Fundi wa Peramiho anahitaji zana, si cheti pekee

Wafanyabiashara wa mbao, saruji na mabati mjini Songea wanaifahamu Peramiho kwa mambo mawili: Hospitali ya Mtakatifu Yosefu na karakana za watawa Wabenediktini. Hilo la pili ndilo linalogusa soko moja kwa moja. Shule ya ufundi ya abasia hiyo huwapokea vijana wa vijijini, wengi wao watoto wa wakulima wa mahindi, na kuwafunza useremala, uashi, umeme, ufundi magari na kazi nyingine za mikono.

Wamisionari kutoka Ujerumani walifungua kituo cha Peramiho mwaka 1898. Kiliteketezwa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji, kikajengwa upya, na mwaka 1931 kikapandishwa hadhi kuwa abasia. Kazi ya kujenga makanisa, shule na hospitali ilihitaji waashi na maseremala, nao iliwabidi kuwafundisha papo hapo kazini. Huo ndio msingi wa shule za ufundi za aina hii: mwanafunzi hujifunza kwenye karakana yenye wateja. Mlango anaoutengeneza utapachikwa, na meza itanunuliwa.

Kwa mwekezaji, mpango huo una faida mbili. Karakana inayouza bidhaa hupunguza mzigo wa ada, na kijana hutoka akiwa anajua bei ya ubao, upotevu wa mbao zinapokatwa na hasara ya kuchelewesha kazi ya mteja.

Kwa upande wa serikali, Sheria ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994 iliunda VETA na kuweka tozo ya mafunzo ya asilimia 2 ya mishahara, iliyolipwa na waajiri. Tozo ya kuendeleza ujuzi baadaye ilifikia asilimia 6, kisha ikashushwa hatua kwa hatua hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Unafuu huo umewafurahisha waajiri. Hata hivyo, shule za makanisa huendelea kutegemea zaidi ada, mauzo ya karakana na misaada ya wafadhili. Misaada ikipungua, anayeumia kwanza ni kijana asiye na uwezo wa kulipa.

Soko la kazi za mafundi lipo. Mwaka 2018 njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, yenye urefu wa kilometa 250 hivi, iliunganisha mji huo na Gridi ya Taifa baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta za dizeli. Miaka mitatu kabla yake, masista Wabenediktini wa Chipole, jirani na Mpitimbi, walikwisha kuanza kuzalisha megawati 5 kwenye maporomoko ya Tulila katika Mto Ruvuma na kuiuzia TANESCO. Umeme ukifika kijijini, hufuatiwa na mashine za kusaga, za kuchomelea na za kuranda mbao, na kila nyumba inayotaka umeme huhitaji fundi wa kutandaza nyaya. Hapa cheti kina thamani ya fedha taslimu, kwani fundi umeme hupewa leseni na EWURA kwa kuangalia sifa zake za masomo.

Aidha, mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na kazi nyingi walipewa mafundi wa maeneo husika badala ya makampuni makubwa. Milango, madirisha, madawati na kenchi za paa zilihitajika kwa wakati mmoja. Aliyekuwa na zana alipata kazi. Asiyekuwa nazo aliishia kuwa kibarua wa mwenzake.

Hapo ndipo penye tatizo. Kijana anayerudi Mpitimbi, kwenye barabara ya kuelekea Mkenda mpakani mwa Msumbiji, ana ujuzi mikononi, lakini familia yake haina fedha ya kununua randa, misumeno, patasi na jiliwa, achilia mbali mashine ya kuchomelea. Benki humtaka dhamana. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambayo tangu 2018 sheria imeielekeza asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa vijana, hutolewa kwa vikundi. Na utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa mwaka 2024. Fundi anayefanya kazi peke yake hubaki nje. Miaka ya mafunzo huweza kupotea kwa kukosa sanduku la zana.

Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, pengo hilo ni biashara. Njia mojawapo ni kumkopesha fundi zana kwa mali kauli, naye alipe kidogo kidogo kila anapopokea malipo ya kazi, huku misumari, gundi na rangi akinunua duka hilo hilo. Muuza mbao anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kutoa mbao na kugawana bei ya samani inapouzwa. Faida haitoki kwenye zana pekee; hutoka kwa mteja wa kudumu.

Hatari zipo. Fundi anaweza kuhama, zana zinaweza kuuzwa, na wakati wa kilimo wateja wa vijijini huwa hawana fedha. Ni busara kuanza na mafundi wawili au watatu, kuomba maoni ya shule kuhusu mwenendo wao, kuandikiana mkataba mbele ya mashahidi, na kupanga marejesho makubwa baada ya mavuno ya mahindi.

Mfanyabiashara anayesubiri mafundi hawa wajikwamue wenyewe ndipo awauzie vifaa atakuta mwenzake amekwisha kuwachukua.