KUNDE NA JUA: MBEGU MPYA INATENGENEZWA NAMNA GANI?

Ndugu wana-koperative wa Fizi na Baraka,

Mvua ikikatika katikati ya msimu, maharagwe yanakauka haraka lakini kunde bado inasimama. Mizizi yake inaingia chini sana, na aina za upesi zinakomaa kwa siku 60 hadi 70 hivi. Basi kwa nini mavuno ni kidogo? Mara nyingi si juu ya jua. Ni yule kiwavi anayekula maua na kutoboa maganda, wataalamu wanamwita Maruca.

Njia ya kawaida ya kuboresha mbegu ni kuoanisha mimea miwili. Ua la kunde linajichavusha lenyewe. Kwa hiyo mtaalamu analifungua jioni, kabla halijafunguka, anatoa sehemu za kiume kwa kibano, na asubuhi anapaka chavua ya mmea mwingine. Halafu anapanda na kuchagua, kizazi kwa kizazi, miaka na miaka. Kunde za upesi zinazokimbia ukame zilipatikana hivyo. IITA kule Ibadan, Nigeria, inahifadhi sampuli za kunde zaidi ya 15,000 za kuchagulia.

Kwa kiwavi, njia hiyo ilikwama. Kuna jamaa wa kunde wa porini ambaye kiwavi hamwezi, ila amekataa kabisa kuzaa na kunde ya shambani. Ndipo watafiti wakachukua jeni ya bakteria wa udongo, Bacillus thuringiensis, wakaiingiza ndani ya kunde katika labo. Kiwavi akila, anakufa. Nigeria iliikubali mwaka 2019, kwa jina SAMPEA 20-T. Kupulizia dawa kunapungua sana, lakini hakuishi: jeni hiyo haizuii vidukari, wala wadudu wa ghalani. Kunde kavu bado inataka bidoni iliyojaa na kufungwa kabisa.

Je, mtanunua mbegu kila msimu kama mahindi ya haibridi? Hapana. Kunde inazaa mfano wake, hata ile ya labo. Muuzaji akiwaambia ya kwake ni haibridi, mumuulize jina la aina na ilikotoka, kisha mfunge mfuko wenu wa pesa kwanza.

Msimu huu, kabla akina mama hawajaanza kuchuma, fungeni kamba kwenye mimea iliyotoa maua mapema na yenye maganda safi. Hiyo msiile. Ivunwe peke yake, iwe mbegu ya koperative.