Nani Achukuliwe Kwanza? Mjadala wa Vipaji, kutoka Philadelphia hadi Kindu

Draft ni utaratibu wa ligi kubwa za Marekani wa kugawana wachezaji chipukizi kwa zamu. Vijana, wengi wao kutoka vyuo vikuu, huingia katika orodha moja, na kila timu hutaja jina zamu yake inapofika. Kwa kawaida timu iliyoshika mkia msimu uliopita hutangulia, bingwa hungoja hadi mwisho. Kijana hachagui timu, timu ndiyo inayomchagua. Ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ilianza kuutumia mwaka 1936 kwa pendekezo la Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles. Timu yake ilikuwa dhaifu, na kila mchezaji mzuri wa chuo alikimbilia timu zenye fedha na jina. Bell aliona kwamba bila kuwapa wanyonge nafasi ya kwanza, matajiri wangezidi kutajirika hadi ligi ikose ushindani. Leo NFL ina timu 32, na uteuzi wake hufanywa kila mwaka kwa raundi saba.

Kwa kuwa zamu zinajulikana mapema, mashabiki hupata miezi kadhaa ya kubishana kabla ya siku yenyewe. Mabishano hayo yana kambi kuu mbili. Kambi ya kwanza hushikilia kwamba timu imchukue mwenye kipaji kikubwa kuliko wote, hata kama nafasi yake uwanjani tayari ina mtu, kwa sababu kipaji cha namna hiyo hakipatikani kila mwaka. Kambi ya pili hutaka pengo lizibwe kwanza: kama mabao yanaingia kila wiki, mshambuliaji mwingine hata awe hodari vipi hataokoa timu. Wapo pia wanaotaka zamu yenyewe iuzwe, yaani timu iitoe kwa mwenzake na kupokea wachezaji waliokwisha kukomaa au zamu kadhaa za nyuma.

Wakongomani wamo katika historia ya uteuzi huo. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, alichukuliwa wa 8 na Carolina Panthers katika NFL mwaka 1996. Katika mpira wa kikapu, Dikembe Mutombo wa Kinshasa alikuwa wa 4 mwaka 1991, akaenda Denver Nuggets, na Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma, alikuwa wa 7 mwaka 2021, akaenda Golden State Warriors. Lakini rekodi inayowagusa zaidi wapenzi wa soka ni ya MLS, ligi ya soka ya huko Marekani. Kwa miaka miwili mfululizo, jina la kwanza kabisa kutajwa lilikuwa la kijana mzaliwa wa Kinshasa.

Mwaka 2009 alikuwa Steve Zakuani, winga aliyekulia London na kupita katika akademia ya Arsenal kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Akron. Seattle Sounders, timu mpya iliyopewa zamu ya kwanza, ilimchukua. Mwaka 2010 ikawa zamu ya Danny Mwanga, mshambuliaji wa Chuo Kikuu cha Oregon State, aliyechukuliwa na Philadelphia Union, nayo timu mpya. Zakuani alifunga mabao 10 ya ligi katika msimu wake wa pili, kisha Aprili 2011 akavunjwa mguu katika mechi dhidi ya Colorado Rapids na kukaa nje zaidi ya mwaka. Mwanga alifunga mabao 7 katika msimu wake wa kwanza, lakini hakuifikia tena idadi hiyo katika msimu wowote wa MLS. Wakati huohuo Ike Opara, beki aliyetajwa wa tatu mwaka 2010, alikuja kuwa beki bora wa ligi mara mbili, mwaka 2017 na mwaka 2019. Hivyo namba ya uteuzi huonyesha tu matumaini ya watu siku ile. Majeraha, kocha na bidii ya mchezaji mwenyewe huandika yaliyobaki.

Kongo haina draft. Katika Linafoot, ligi kuu ya nchi, kila klabu humsajili mchezaji inayeafikiana naye, na kwa hiyo foleni imegeuzwa: mwenye fedha na jina hutangulia. TP Mazembe ya Lubumbashi, AS Vita Club na Daring Club Motema Pembe za Kinshasa zina mvuto ambao klabu ya mji mdogo haiwezi kushindana nao kwa pesa. Juu yao kuna klabu za Dar es Salaam, ambazo kwa miaka ya karibuni zimekuwa soko kubwa la wachezaji wa Kongo.

AS Maniema Union ya Kindu, klabu iliyoanzishwa mwaka 2005, inaujua mkondo huo vizuri. Katikati ya mwaka 2023 Maxi Nzengeli aliondoka kwenda Young Africans, yaani Yanga, na tarehe 5 Novemba mwaka huo alifunga mabao mawili Yanga ilipoichapa Simba 5-1. Mwaka 2025 mshambuliaji Jephté Kitambala naye alichukuliwa na Azam FC. Hata hivyo, msimu wa 2023-24, wa kwanza bila Nzengeli, Maniema Union ilimaliza ya pili nyuma ya Mazembe, ikafika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika na kuianza kwa sare ya 0-0 Pretoria dhidi ya Mamelodi Sundowns, Novemba 2024. Haikuvuka makundi, lakini ilithibitisha kwamba klabu inayouza nyota wake inaweza kusimama, ikijua nani wa kumleta baada yake.

Ndiyo maana swali la nani asajiliwe lina uzito wa pekee Kindu. Kambi zilezile mbili zipo, kipaji dhidi ya pengo, na hapa linaongezeka swali jingine: achukuliwe mchezaji aliyekomaa kutoka jimbo jingine, au apandishwe kijana wa nyumbani, wa Kasuku, Mikelenge au Alunguli ng'ambo ya mto? Aliyekomaa husaidia Jumapili ijayo, ila mshahara wake ni mkubwa na huenda akaondoka mapema. Kijana huhitaji subira, ila klabu humpata kwa gharama ndogo, na siku akiuzwa humlipa aliyemlea.

Malipo hayo yamo katika kanuni za FIFA. Mchezaji anapouzwa kwa ada kutoka nchi moja hadi nyingine mkataba wake ukiwa bado unaendelea, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu kuanzia miaka 16 una asilimia 0.5. Klabu iliyokaa na kijana misimu minne, tangu miaka 16 hadi 19, hupata asilimia 2. Akiuzwa kwa dola 200,000, hizo ni dola 4,000, na stahili hiyo hurudi tena kila anapouzwa kwa namna hiyo. Sharti ni kwamba usajili wake uwe umeandikwa sawasawa tangu mwanzo. Kijana aliyecheza miaka mitatu bila leseni yenye tarehe za kweli humnyima mlezi wake haki hiyo.

Katika ubishi huo wa nani asajiliwe, shabiki anayetaka hoja yake iwe na nguvu hana budi kuangalia zaidi ya mabao. Winga atazamwe kabla mpira haujamfikia: je, ameshageuza shingo kuona beki yuko wapi? Mguso wake wa kwanza unampeleka mbele au unamrudisha kwenye mstari? Akipoteza mpira anakimbia kuurudisha au anasimama na kushika kiuno? Atazamwe dakika ya 80, uwanja ukiwa na matope na timu ikiwa nyuma. Atazamwe pia dhidi ya mabeki wazuri, kwa maana mabao matano mbele ya timu dhaifu hayapimi kitu. Umri wake uwe wa kweli, kwa sababu mchezaji wa miaka 23 anayeng'ara kati ya watoto wa miaka 17 hana tena mahali pa kukulia.

Marekani sheria humpa mnyonge zamu ya kwanza. Kongo mnyonge hujipatia zamu hiyo kwa kumwona kijana mapema, kumwandikisha kihalali na kumlea kabla Lubumbashi, Kinshasa au Dar es Salaam hawajalisikia jina lake. Katika kazi hiyo, watu wanaosimama kando ya viwanja vya mitaa ya Kindu kila juma wako karibu na vipaji kuliko msaka vipaji yeyote wa klabu tajiri, na klabu inayosikiliza ubishi wao huwa imetangulia foleni.