Mtaji usio na riba kwa wachuuzi wa Mkuyuni

Mchuuzi wa dagaa au nyanya wa Mkuyuni, jijini Mwanza, anaweza kupata mtaji bila kukimbilia mikopo ya ‘kausha damu’. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri kukopesha asilimia 10 ya mapato yake ya ndani bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kwa kawaida kupitia vikundi vilivyosajiliwa.

Mwaka 2023 Serikali ilisitisha mikopo hiyo kutokana na vikundi hewa na marejesho hafifu. Ilirejea mwaka 2024. Fedha hizi ni za mzunguko. Mmoja akizitumia kwa harusi, mwenzake hukosa za kununulia dagaa giza la mwezi lifikapo.

Anayetaka kuanza amwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata.