Uyoga na Maradhi ya Wasiwasi

Mvua zinyeshapo Kakamega, akina mama huchuma uyoga wa vichuguu, ambao Waluhya huuita obwoba. Ni kitoweo chema, nao jamaa zetu wa Mumias, waliofikiwa na Uislamu kwa misafara ya pwani zama za Nabongo Mumia, wanaujua vyema. Uyoga tunaouzungumzia leo ni mwingine kabisa. Una kemikali iitwayo silosaibini, imfanyayo mtu aone yasiyokuwapo, na husemwa kwamba huponya wasiwasi.

Wasiwasi huo si ule wa karo ya shule. Ni maradhi. Mama hutawadha hata wakati wa sala ukakaribia kutoka, kisha hurudi bafuni kwa kuwa moyo wamwambia kiwiko hakikupata maji. Ajua kwamba kimepata. Kujua hakumfai kitu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliyaeleza maradhi haya katika kitabu chake cha afya ya mwili na nafsi. Ajabu ni kwamba hadi leo tungali tukimwambia mgonjwa kuwa imani yake ni haba. Huo, kwetu sisi, ni ukatili.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walitangaza kwamba waliwapa silosaibini wagonjwa 9 wasiosaidiwa na tiba za kawaida, nao wakisimamiwa hospitalini. Dalili zilipungua kwa muda, kati ya asilimia 23 na 100. Lakini hata dozi ndogo mno, iliyowekwa ili ilinganishwe na zile kubwa, ilionekana kuwapa nafuu. Je, ilikuwa dawa, au matumaini yao? Watu 9 hawatoshi kulijibu hilo, na utafiti ungali ukiendelea. Hapa Kenya sheria ya mwaka 1994 ya dawa za kulevya yaikataza kemikali hiyo, na uyoga wa msituni usiojulikana waweza kuua.

Tiba iliyothibitika ipo. Kuna vidonge kama fluoksetini, ambavyo huhitaji wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, hivyo asiviache mapema. Na kuna mazoezi pamoja na mtaalamu wa afya ya akili: mgonjwa hutawadha mara moja, akafunga mfereji, akatoka. Moyo humpiga, mikono humwasha kurudi. Hakatazwi kuogopa, hukatazwa kurudi tu, hata hofu ishuke yenyewe. Nyumbani asiulizwe, wala asihakikishiwe mara kumi kwamba udhu wake umetimia.