Ng'ombe wa Baba Mkwe na Sindano ya Moyo

Chukulia wewe na mwenzi wako mnafanya kazi Mwanza. Usiku simu inaita kutoka Robanda, kule Serengeti: baba mkwe kabanwa na kifua, jasho linamtoka. Kanusurika, ila daktari anasema sehemu ya msuli wa moyo imekufa. Wiki mbili baadaye shemeji anakuja na habari motomoto: huko nje kuna sindano inayoamsha seli shina zikautengeneze moyo upya. Tuuze ng'ombe!

Patamu hapo. Ukikataa, humpendi mkwe wako. Ukikubali, zizi linabaki tupu. Kabla hamjanuniana, someni hii pamoja.

Wazo lilitoka wapi?

Seli shina ni seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Nyingi hukaa kwenye uboho, ndani ya mifupa, zikitengeneza damu. Ipo dawa iitwayo G-CSF. Ukichomwa siku kadhaa, seli hizo hutoka kwenye uboho na kumwagika kwenye damu. Si dawa feki. Wagonjwa wa saratani hupewa ili chembe nyeupe zao zipande.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliijaribu kwa panya walioumizwa moyo, na mioyo ikaonekana kupona. Mwaka 2005 Wajerumani wakajaribu kwa watu 50, nao wakaona dalili nzuri. Dunia ikashangilia.

Kisha ukaja mtihani wenyewe

Mwaka 2006 Wajerumani wengine walichukua wagonjwa 114, na Wadenmark wakachukua 78. Wote walikuwa wameshazibuliwa mishipa ya moyo. Nusu walichomwa dawa, nusu sindano tupu, na mgonjwa hakujua kapata ipi. Matokeo? Ngoma droo! Kule Denmark makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa. Mwaka 2013 tafiti 7 zenye wagonjwa 354 ziliwekwa mezani pamoja, na faida ya sindano haikuonekana.

Umeona ujanja ulipo? Moyo ulipata nafuu hata bila dawa ile, kwa sababu mshipa ulizibuliwa na mgonjwa akapata matibabu ya kawaida. Ndiyo maana jirani anaweza kuapa kwamba sindano ilimponya. Bila kundi la kulinganisha, hata yeye hawezi kujua.

Kwa hiyo ng'ombe wabaki?

Wabaki, ila wasisahaulike. Mzee atahitaji vidonge kila siku, nauli za kliniki na vipimo. Hapo ndipo ng'ombe mmoja ana kazi ya maana kuliko kundi zima lililouzwa kwa pupa.

Na jambo kubwa zaidi ni muda. Mshipa wa moyo ukiziba, msuli unakufa saa baada ya saa. Kifua kubana kama kimekaliwa na jiwe, maumivu kupanda begani au taya, pumzi kukata, jasho baridi: hiyo siyo vidonda vya tumbo mpaka daktari aseme. Kama mgonjwa hana mzio wa aspirini wala hatokwi damu, atafune aspirini, kisha gari iwashwe kuelekea Mugumu usiku huohuo. Msingoje kuche. Kutoka hapo madaktari wataamua kama aende Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako mishipa ya moyo huzibuliwa.

Basi leo jioni, kabla ya tamthilia, jibuni maswali matatu. Wazee wetu walipimwa presha na sukari lini? Nani kijijini ana gari la kukodi usiku? Nani atapigiwa simu kwanza?

Na shemeji akirudi na sindano yake, mwambie kwa upole: "Shemeji, tunampenda mzee. Ndiyo maana hela yake tunaiweka kwenye vidonge."